Kushusha seismografu baharini ukitokea Dar es Salaam: mwongozo kamili

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, kitu cha saa mbili na robo hivi, majengo ya Dar yalitikisika. Watu wa ghorofani Upanga na Kariakoo walishuka ngazi na watoto mkononi, simu zikaanza kupigwa: "Na wewe umelisikia?" Tetemeko lilikuwa la ukubwa wa karibu 6, kitovu chake baharini, kusini mashariki ya jiji, na hata Nairobi walilisikia. Kwetu sisi tunaofanya kazi na mitetemo, swali la asubuhi yake lilikuwa: limetokea kina gani hasa? Karibu vituo vyote vya jirani viko nchi kavu, upande mmoja tu wa tetemeko. Ni sawa na kumtafuta mtu anayepiga ukelele gizani huku wasikilizaji wote wamekaa baraza moja. Mwelekeo wataupata, umbali watabahatisha.

Dawa ni kuweka wasikilizaji upande wa pili, chini ya bahari: seismografu, yaani vifaa vya kunasa mitetemo ya ardhi. Nimeandika haya kwa mwanafunzi au fundi anayepanda meli na vifaa hivi kwa mara ya kwanza. Nitakaa sana kwenye saa, kwenye daftari na kwenye kelele, maana huko ndiko nimeona data nzuri ikifa au ikiokoka. Mengine nitayapita haraka.

Unachokishusha ni nini

Seismografu ya sakafu ya bahari ni boya lililofungwa jiwe. Jiwe, yaani nanga ya chuma au zege, hulizamisha. Siku ya kulichukua unaiacha nanga chini na boya linapanda lenyewe. Kati ya boya na nanga kuna kufuli linalofunguka kwa sauti: meli inatuma mlio wenye namba maalumu ndani ya maji, kufuli linautambua, linaachia.

Kuelea kunatokana na matufe ya kioo kinene, mengi yana kipenyo cha sentimita 43 hivi, yamevishwa kofia ngumu za plastiki za rangi ya chungwa au njano. Ndani ya tufe au ya silinda ya titani kuna kinasa data na betri. Sensa ya mitetemo ina mikono mitatu: mmoja unasikia juu-chini, miwili inasikia kulala, yaani mtikisiko wa kwenda pembeni. Pembeni kuna haidrofoni, ambayo ni maikrofoni ya majini. Juu kabisa kuna taa ya kumwekamweka, redio ndogo na bendera, vya kukusaidia kukiona kikishaibuka.

Ongeza jambo ambalo watengenezaji hawakuandikii: maneno ya Kiswahili kwenye kofia. Sisi tunaandika kwa rangi nyeusi isiyofutika KIFAA CHA UTAFITI, SI BOMU, TAFADHALI PIGA SIMU, na namba mbili. Mvuvi wa Mafia akikuta alfajiri tufe la njano linamwekamweka taa, ana haki ya kuogopa, na ana haki pia ya kulipasua kwa shoka aone kuna nini ndani.

Amua swali kabla ya kuagiza chochote

Ukitaka kupima ganda la dunia kwa milio unayoipiga mwenyewe, vifaa vinapangwa kwenye mstari, kilomita 5 hadi 20 kati ya kimoja na kingine, na meli inapita juu ikipiga bunduki za hewa. Mlio unashuka, unapinda, unasafiri kwenye mpaka wa Moho, yaani pale ganda linapoishia chini, kisha unarudi juu. Chini ya bahari ya kawaida ganda lina unene wa kilomita 7 hivi; la bara linakaribia 40. Chini ya Moho mawimbi ya P, yale ya mtetemo yanayotangulia kufika, yanakimbia kilomita 8 hivi kwa sekunde, na ndiyo maana kifaa kilicho mbali husikia mlio uliopita chini kabla ya ule uliopita njia fupi ya juu. Kwa hiyo mstari mfupi hauna maana. Hata kwenye ganda jembamba la bahari unahitaji umbali wa makumi ya kilomita kati ya mlio na kifaa.

Kwetu swali hilo si la mapambo. Madagaska ilianza kujitenga na Afrika miaka milioni 165 hivi iliyopita, ikateleza kuelekea kusini, na kovu lake ni Mgongo wa Davie ulio baharini upande wetu wa kusini. Mahali ganda la bara linapoishia na la bahari linapoanzia pamefunikwa na matope mazito ya Rufiji na Ruvuma. Ukipajua, umejua pia joto lililopika gesi na nyufa zinazoweza kuteleza.

Swali la pili ni matetemeko. Hapa hupigi mlio, unasubiri. Mfano wa karibu ni Mayotte, hapo Komoro. Mei 2018 kisiwa kilianza kutetemeka mfululizo, na tarehe 11 Novemba mwaka huohuo kukatokea mvumo mrefu wa ajabu ulionaswa dunia nzima. Vifaa vya sakafuni vilishushwa Februari 2019. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba mitetemeko mingi ilikuwa ndani sana, chini ya ganda. Mei 2019 meli ya Ufaransa ikaukuta mlima wa volkano mpya wa mita 800 na ushee, kilomita 50 hivi mashariki ya kisiwa. Mlima mzima umeota na hakuna aliyeuona.

La tatu ni kelele yenyewe ya bahari, nitaifikia mwishoni.

Swali ndilo linalokuchagulia kasi ya kunasa. Sampuli 100 kwa sekunde hukupa masafa yasiyozidi hezi 50: zinatosha kwa matetemeko, zinatosha kwa nyangumi wakubwa wanaovuma kwenye hezi 20, lakini nyangumi wa nundu wanaopita pwani yetu miezi ya kusi wanaimba juu zaidi ya hapo na utawakosa. Piga hesabu ya kumbukumbu: njia 4 (mikono mitatu na haidrofoni), sampuli 100, baiti 4 kila sampuli, ni megabaiti 138 kwa siku, kama gigabaiti 50 kwa mwaka kabla ya kubanwa. Hiyo ni kadi moja ndogo. Betri ndiyo inayouma. Mfumo unaokula wati 0.5 unahitaji saa-wati 12 kila siku, zaidi ya 4,300 kwa mwaka. Betri za lithiamu za aina hii hazipandi ndege ya abiria kama mzigo, kwa hiyo zinakuja kwa meli. Agiza mapema kuliko unavyodhani.

Vibali

Kibali cha utafiti kinatoka COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na ukivuka kuingia maji ya Zanzibar kuna utaratibu wa huko. Chombo chenyewe ni mambo ya TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini, na ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia utazungumza na wasimamizi wa hifadhi. Tafuta ramani ya nyaya za mawasiliano za chini ya bahari. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, kila aliyekuwa Dar alijionea intaneti ikitambaa kama kobe. Usiwe mtu wa kudondosha nanga juu ya waya. Halafu, bila kuandikiwa na ofisi yoyote, nenda Feri na Kunduchi ukaongee na manahodha. Wao ndio wanaojua nyavu zinaburuzwa wapi.

Msimu

Kusi likishika, tangu Mei hadi Septemba, mkondo wa pwani unakimbia kaskazini kwa nguvu na bahari nje ya Mafia inafumuka. Kazi ya kreni juu ya deki inayoyumba ni kazi ya kuvunja miguu. Panga maleleji, upepo unapobadilika, au kaskazi iliyotulia. Nahodha mmoja mzee aliniambia, nilipombembeleza tuondoke Julai: "Mwanangu, hicho kifaa chako kitashuka. Wewe ndiye sijui." Tuliondoka Novemba.

Mezani kabla ya bandarini

Nanga tunachomelea mtaa wa Gerezani, Dar, chuma chakavu kizito, bei ya kuongea. Sina zaidi la kusema kuhusu nanga ila moja: ipime kwa mizani, usikadirie. Ikiwa nyepesi kifaa kitashuka kikiyumba. Ikiwa ndefu upande mmoja kitakaa kikiwa kimeinama.

Oringi, pete za mpira zinazozuia maji kuingia, ndizo za kuogopa. Kwenye kina cha mita 2,400 maji yanasukuma kwa nguvu ya baa 240 hivi, na unywele mmoja uliolala juu ya oringi unatosha kuwa mlango. Futa mfereji kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, pitisha kidole, paka grisi kidogo ya silikoni mpaka ing'ae tu, funga, kisha nyonya hewa kwa pampu na uache usiku kucha. Kipimo kikipanda asubuhi, fungua uanze upya. Usifanye kazi hii feni ikiwa inapuliza vumbi la Dar mezani kwako. Jasho tutavumilia.

Kabla ya kwenda kilindini fanya jaribio kwenye Mlango wa Zanzibar, ambako maji ni mafupi na unarudi nyumbani jioni. Acha kifaa siku mbili tatu, kiinue, soma data yote. Jaribio hili litakufaa baadaye kwa namna usiyoitegemea.

Saa

Ukiwa nchi kavu, seismografu inasahihishwa na GPS mchana na usiku. Majini GPS haipiti. Kifaa kikizama kinabaki na saa yake ya ndani tu, na saa hiyo, hata ikiwa nzuri, inakimbia au inachelewa kidogo kidogo.

Kwa hiyo unaifunga, yaani unailinganisha na GPS, mara mbili. Mara ya kwanza ni deki, antena ikiwa wazi kuelekea angani, si chini ya kreni. Subiri GPS itulie, linganisha, andika tofauti. Mara ya pili ni baada ya kukiinua, kabla ya kuzima chochote. Narudia, kabla ya kuzima. Kijana mwenye furaha anayechomoa betri ili "kuokoa chaji" ameua saa, na data ya mwaka mzima imebaki bila mkia.

Tuseme baada ya siku 310 unakuta saa ya kifaa imetangulia sekunde 0.62. Hiyo ni milisekunde 2 kwa siku. Siku ya 155 saa ilikuwa mbele kwa sekunde 0.31, nawe utaitoa hiyo kwenye kila muda wa siku hiyo. Usipoitoa, kwenye mwamba wa kilomita 8 kwa sekunde umejipotezea kilomita 2.5. Hesabu hii inachukulia kwamba saa ilikimbia kwa mwendo uleule siku zote, jambo ambalo si lazima liwe kweli. Namna ya kulikagua ipo kwenye kelele.

Halafu kuna saa nyingine ambayo hakuna mtengenezaji wa ng'ambo anayeifikiria: yetu ya Kiswahili. Safari moja tulikubaliana kwamba mahali kila kifaa kilipodondoka tutapatoa baadaye kwenye kumbukumbu ya GPS ya meli, sisi tuandike muda tu. Daftari likarudi Dar na mstari huu: "Na. 3 imezama 4:20." Nne ishirini ipi? Ya UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Dar kwa saa tatu? Au saa nne na dakika ishirini asubuhi, ambayo ni 07:20 UTC? Aliyeandika alikuwa ameshaondoka kwenda masomoni, na alipopatikana hakumbuki. Meli ilikuwa ikitembea maili 8 za bahari kwa saa. Tofauti ya saa tatu ni maili 24, zaidi ya kilomita 44 za bahari ambamo kifaa chetu kinaweza kuwa popote. Tulikipata kwa sababu tu mpishi alikuwa amepiga picha ya deki kwa simu, na picha ilikuwa na muda wake.

Tangu hapo sheria ni moja: daftari linaandikwa UTC, tarakimu nne, na herufi Z mwishoni. 0720Z. Saa ya ukutani kwenye chumba cha kazi tunaiweka UTC na kuibandikia karatasi. Wa deki akisema "saa nne na ishirini", mwandishi anaitafsiri kwa sauti, msemaji anaitikia, ndipo inaandikwa. Na latitudo na longitudo zinaandikwa hapohapo, kwa kalamu ya risasi, maana wino na maji ya chumvi haviko pamoja.

Kudondosha, na kujua kilipokaa

Meli inasimama, kreni inanyanyua, kamba ya kuzuia kuzunguka inashikwa na mtu mzima mwenye glavu, kifaa kinagusa maji, ndoano inaachiwa. Kikishuka mita moja kwa sekunde kitachukua dakika 40 kufika mita 2,400. Kama mita 300 za juu zina mkondo wa mita moja kwa sekunde, kitasukumwa mita 300 hapo tu, kabla ya mikondo ya chini kuongeza yake. Kwa hiyo ulipodondoshea si kilipokaa.

Kukitafuta ni kuzungumza nacho kwa sauti. Unatuma mlio, kinajibu, unapima. Sauti majini inakwenda mita 1,500 hivi kwa sekunde. Jibu likirudi baada ya sekunde 3.2 ukiwa juu yake kabisa, kiko mita 2,400. Toa muda mfupi ambao kufuli linautumia kabla ya kujibu, umeandikwa kwenye kitabu chake. Kisha zungusha meli duara lenye nusu kipenyo kinachokaribia kina cha maji, ukiuliza kila dakika. Vipimo hivyo vyote vinakutana mahali pamoja. Usiruke hatua hii kwa sababu nahodha anaangalia mafuta.

Kuinua

Tuma mlio wa kuachia na subiri. Kufuli la waya unaoyeyushwa na umeme kwenye maji ya chumvi linachukua dakika kadhaa, na kupanda ni polepole kuliko kushuka. Kwa mita 2,400 weka saa nzima. Wapo wanaopenda usiku kwa sababu taa inaonekana mbali. Mimi napenda kipate kuibuka jua likikaribia kuzama: taa inaonekana, na bado kuna mwanga wa kumwona mwenye ndoano. Kila dakika uliza umbali. Umbali ukipungua, pumua. Kikiingia deki kisuuze kwa maji baridi, funga saa, ndipo uguse betri.

Data kabla ya uzuri wake

Nakili mara mbili kwenye diski mbili, moja ikae kwenye begi la mtu mwingine. Badilisha kuwa miniSEED, muundo wa faili za data ya mitetemo, sahihisha saa, tafuta uelekeo wa mikono miwili ya kulala, kwa kuwa kifaa kilianguka kikatazama kilikotaka. Mawimbi ya juu ya ardhi kutoka matetemeko makubwa ya mbali, ambayo mahali pake panajulikana, yatakuonyesha. Programu ya ObsPy inafanya sehemu kubwa ya kazi hii bure.

Kelele

Chora kwanza nguvu ya mtetemo kwa kila masafa, na uweke juu yake mistari miwili ya kulinganishia ya mtaalamu Peterson ya 1993, wa kelele ndogo na wa kelele kubwa. Mwanafunzi akiona grafu ya baharini anakata tamaa, kwa kuwa iko juu. Aisome kabla ya kuifuta.

Nundu kubwa kati ya sekunde 3 na 10 ni mawimbi ya bahari yanayokutana uso kwa uso. Yakikutana hivyo yanasukuma sakafu kwa nusu ya muda wao. Mawimbi marefu ya kusini yenye sekunde 14 yanaacha alama kwenye 7. Utaliona kusi likiingia kwenye grafu kabla halijapeperusha kofia ya mtu Kivukoni. Nundu ndogo kwenye sekunde 10 hadi 20 ni mawimbi yaleyale yakigonga sakafu ya maji mafupi.

Upande wa muda mrefu kuna mawimbi mapana yasiyoonekana kwa macho, yanayoibinya sakafu. Kwenye mita 2,400 yanaanza kusikika kuanzia sekunde 40 hivi. Kwenye mita 600, kuanzia 20. Haidrofoni au kipimo cha mgandamizo kinayasikia vilevile, kwa hiyo unaweza kuyatoa kwenye mkono wa juu-chini. Mkondo nao unaitikisa sensa ikainama kidogo, na hilo linaonekana zaidi kwenye mikono ya kulala. Programu ya OBStools inatoa mwinamo kwanza, mbinyo baadaye. Hifadhi data ghafi usiyoigusa.

Usioshe kila kitu, kwani kelele ya mwaka mzima, ikilinganishwa kati ya vifaa viwili, inatoa wimbi linalosafiri kati yao, na kasi yake inakuambia ganda la hapo likoje. Wimbi hilohilo likianza kusogea upande mmoja mwezi baada ya mwezi, saa ya mmoja wao imepinda. Hata nyangumi wanafanya kazi: mwaka 2021 ilichapishwa kazi iliyotumia milio yao ya hezi 20 kuona ganda la bahari nje ya Oregon. Kwetu kuna mlio mwingine, mkali na mfupi, wa baruti za wavuvi haramu. Uchunguzi wa haidrofoni wa 2015 uliikuta mingi zaidi karibu na Dar.

Sasa rudi kwenye data ya jaribio la Mlango wa Zanzibar. Chora siku moja nzima, muda chini, masafa kando. Utaona mistari myembamba ya injini za boti za abiria, zinanenepa zikikaribia na kufifia zikienda zake. Ya kwanza inang'oa nanga Dar saa moja asubuhi, ambayo ni 0400Z, na itakupita muda mfupi baadaye. Ukiikuta inakupita saa 0700Z na ushee, boti haikuchelewa. Kuna mtu aliweka saa ya Dar ndani ya kifaa. Afadhali umjue leo, kifaa kikiwa bado bandarini.